Ufugaji wa iguana mchanga

Ufugaji wa iguana mchanga ni malezi ya mtoto wa iguana-kijani (Iguana iguana) nyumbani, tangu anapotoka kwenye yai hadi anapomaliza mwaka wake wa kwanza au wa pili. Iguana si mnyama wa Afrika. Asili yake ni Amerika, kuanzia Meksiko hadi kusini mwa Brazili na Paraguai, pamoja na baadhi ya visiwa vya Karibi. Amesambaa duniani kwa njia ya biashara ya wanyama wa kufugwa. Hali ya hewa ya mji wa pwani kama Dar es Salaam inamfaa kuliko ile ya Ulaya, lakini hilo peke yake halimwokoi: iguana wachanga wengi wanaofia mikononi mwa watu hawafi kwa baridi wala kwa njaa, bali kwa kukosa jua na kalsiamu.

Makala hii inaangalia hasa mazingira ya katikati ya jiji hilo, yaani Jangwani, Kariakoo na mitaa ya jirani katika wilaya ya Ilala.

Mnyama mwenyewe

Iguana jike hutaga mara moja kwa mwaka, kwa kawaida mayai 20 hadi 70, katika shimo analolichimba kwenye udongo laini, kisha huyaacha. Baada ya miezi mitatu hivi watoto hutoboa maganda na kutoka karibu kwa pamoja. Kila mmoja ana urefu wa sentimita 17 hadi 25, zaidi ya nusu yake ikiwa ni mkia, na uzito wa gramu 12 hivi. Watoto wanne kwa pamoja hawafikii uzito wa yai moja la kuku. Siku za kwanza hawali sana kwa sababu bado wanatumia akiba ya kiini cha yai iliyobaki tumboni.

Udogo huo ndio unaowadanganya wanunuzi. Iguana mzima hufikia mita 1.2 hadi 1.7, mara chache mita 2, akiwa na kilo 4 hadi 8. Huweza kuishi miaka 10 hadi 20. Mtoto anayekaa kwenye kiganja leo atahitaji chumba kizima baada ya miaka mitatu.

Iguana hula majani maisha yake yote, tangu siku ya kwanza. Hana uwezo wa kuyeyusha nyuzinyuzi za majani yeye mwenyewe; kazi hiyo hufanywa na bakteria walio katika utumbo wake mpana. Mwanabiolojia Katherine Troyer alionyesha mwaka 1982, kwa utafiti uliofanywa Panama, kwamba watoto huwapata bakteria hao kwa kula kinyesi cha iguana wakubwa katika wiki zao za mwanzo. Bakteria hao hufanya kazi vizuri mwili ukiwa na joto la kutosha. Kwa hiyo iguana aliyeshiba lakini amepoa hawezi kunufaika na alichokula: chakula hukaa tumboni na kuchacha.

Tofauti na kenge

Kwa kuwa iguana ni mjusi mkubwa asiyejulikana sana Afrika ya Mashariki, watu wengi humwita kenge. Wanyama hawa wawili wanafanana kwa mbali tu. Kenge, kama yule wa mto Nile anayeonekana kandokando ya mito na mabwawa ya Tanzania, ana ulimi mrefu uliogawanyika kama wa nyoka naye hula nyama: mayai, samaki, panya, vifaranga na mizoga. Iguana ana ulimi mnene na mfupi, safu ya miiba laini mgongoni, ngozi inayoning'inia chini ya kidevu na gamba kubwa la mviringo chini ya sikio. Kosa la jina huleta kosa la lishe. Anayemchukulia iguana kama kenge mdogo humpa dagaa, mayai au vipande vya nyama, naye mnyama huvila kwa hamu. Madhara huja polepole: protini nyingi ya wanyama huharibu figo na kusababisha jongo, na dalili zinapoonekana kwa kawaida figo zimekwisha kuharibika. Hata ushauri wa zamani kwamba iguana mchanga anahitaji panzi na mende ili akue umeachwa na wataalamu.

Jua

Ngozi ya iguana hutengeneza vitamini D3 inapopigwa na mionzi ya urujuanimno ya aina ya B, yaani ile yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 290 hadi 315 hivi. Bila vitamini hiyo utumbo haufyonzi kalsiamu, hata chakula kiwe nayo kwa wingi. Mwili huanza kuichota kalsiamu iliyomo kwenye mifupa, na mnyama anayekua kwa kasi hana akiba ya kuchezea.

Huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini wafugaji hununua taa maalumu zinazotoa mionzi hiyo. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua lake lina mionzi ya kutosha mwaka mzima. Mtoto wa iguana anayeota jua nusu saa hadi saa moja kila siku, kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi, anapata asichoweza kukipata kwa taa yoyote. Tatizo la katikati ya mji ni kulifikia jua lenyewe. Maghorofa ya Kariakoo yamesongamana, na vyumba vingi vina madirisha ya alumini na vioo vinavyofungwa siku nzima kwa sababu ya vumbi, kelele na kiyoyozi. Kioo cha kawaida huzuia karibu mionzi yote ya aina ya B. Mwanga hupita, joto hupita, mnyama anaonekana anaota jua, na mifupa yake inalainika hivyo hivyo. Plastiki ngumu inayopitisha mwanga nayo mara nyingi huzuia.

Roshani yenye wavu, au ua wa nyuma wa nyumba ya Kiswahili, ni bora kuliko dirisha zuri kupita yote. Sharti ni kwamba pawe na kivuli ambacho mnyama anaweza kukiingia mwenyewe. Kumweka juani ndani ya sanduku la kioo au ndoo ni kumuua: joto la ndani hupanda kwa dakika chache kupita anavyoweza kuvumilia, naye hana jasho la kujipoza. Wakati wa masika siku za mawingu zikifuatana hakuna haja ya hofu, kwani D3 huhifadhiwa mwilini kwa muda.

Asiye na njia ya kufikia jua hana budi kutumia taa ya wanyama watambaao, iwake saa 10 hadi 12 kwa siku na ibadilishwe kila baada ya miezi 6 hadi 12, maana mionzi huisha kabla ya mwanga. Balbu za kawaida na za LED hazitoi mionzi hii. Vilevile zile taa za zambarau zinazotumiwa madukani kukagua noti bandia: zinatoa urujuanimno wa aina ya A, ambao hautengenezi vitamini.

Joto

Iguana hudhibiti joto la mwili wake kwa kuhama kutoka mahali hadi mahali. Anahitaji tawi la kuotea lenye nyuzijoto 35 hadi 38 na upande mwingine wenye 26 hadi 29. Kuanzia Desemba hadi Machi joto la mchana la Dar es Salaam hufika 31 hadi 33, hivyo inabaki kuongeza kidogo tu. Mwezi Julai usiku huweza kushuka hadi karibu 19, na mtoto mdogo afunikiwe banda lake au ahamishiwe ndani. Taa ya kulelea vifaranga, ikifungwa nje ya wavu asipoweza kuigusa, hutosha kwa tawi la kuotea. Jiko la mkaa, ambalo wafugaji wa vifaranga hulitegemea umeme unapokatika, lisitumike katika chumba kilichofungwa: kaboni monoksidi yake huua mnyama na mwenye nyumba. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa ni afadhali kutomlisha mpaka joto lirudi.

Unyevu wa pwani, ambao mara nyingi huwa juu ya asilimia 70, unamfaa sana. Kiyoyozi huuondoa, na ngozi ya iguana anayekaa kwenye chumba chenye kiyoyozi hubanduka vipande vipande na kukwama vidoleni na kwenye ncha ya mkia, ambako huzuia damu.

Chakula kutoka sokoni

Kwa upande wa majani, mfugaji wa Kariakoo ana bahati. Soko kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na msanifu majengo Beda Amuli na kufunguliwa katika miaka ya 1970, liliungua tarehe 10 Julai 2021, lakini biashara ya mboga katika mitaa inayolizunguka haikufa. Karibu kila kinachohitajika kinapatikana umbali wa kutembea kwa miguu. Kinachotakiwa ni kuchagua, kwa sababu mboga nzuri kwa binadamu aliyeipika si lazima iwe nzuri kwa mjusi anayeila mbichi.

Kanuni inayoongoza ni uwiano wa kalsiamu na fosforasi: chakula chote kwa jumla kiwe na kalsiamu mara mbili ya fosforasi. Majani ya mlonge yana kalsiamu nyingi na yanafaa kuchanganywa kila siku. Majani na maua ya hibiskasi, ambayo hupandwa kwenye nyua nyingi za Dar es Salaam, hupendwa na karibu kila iguana. Majani ya mforsadi, ya maboga na ya kunde yanafaa pia, na sukuma wiki inafaa ikiwa haitolewi peke yake. Matembele hutolewa kwa kiasi. Juu ya hayo huongezwa boga au karoti iliyokwaruzwa na maharage mabichi machanga. Matunda kama papai, embe na tini hayapaswi kuzidi sehemu moja kwa kumi. Ndizi hupendwa sana lakini fosforasi yake inazidi kalsiamu.

Mchicha ndio mtego mkubwa. Ni rahisi, upo kila mahali, na iguana huula bila ubishi. Lakini una oksalati nyingi, nayo hushikamana na kalsiamu na kuizuia isifyonzwe. Kidogo mara moja kwa wiki hakidhuru. Fungu la mchicha kila asubuhi, bila kingine, linaweza kumlemaza mtoto wa iguana ndani ya miezi michache. Spinachi ina kasoro ileile. Kabichi ikitolewa kwa wingi huathiri tezi ya shingo, na saladi ya majani ni maji matupu.

Kisamvu kibichi kisitolewe kabisa. Majani ya muhogo yana viambata vinavyotoa sianidi, ambavyo hupungua kwa kutwangwa na kupikwa muda mrefu, na iguana hali chakula kilichopikwa. Parachichi, majani ya mnyanya na majani ya mwoleanda, kile kichaka cha maua ya waridi kinachopandwa kando ya barabara na kwenye bustani, nayo ni sumu.

Mboga zilizolimwa katika bonde la mto Msimbazi, linalopita pembeni mwa Jangwani, zina tatizo la namna nyingine. Mto huo hupokea maji machafu ya viwanda na makazi, na utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta metali nzito, zikiwemo risasi na kadimi, katika mboga za majani zilizokuzwa kandokando ya Msimbazi na Sinza. Kuosha huondoa tope na mabaki ya dawa za wadudu, lakini hakuondoi metali iliyoingia ndani ya jani. Muuzaji akiulizwa mboga imetoka wapi kwa kawaida husema. Wenye nafasi ya ndoo mbili za udongo juani huotesha mlonge na hibiskasi wao wenyewe.

Kalsiamu ya nyongeza hunyunyizwa juu ya majani karibu kila siku kwa mtoto anayekua. Si lazima iwe ya kuagizwa. Gamba jeupe la ndani la dome, ambalo huokotwa ufukoni, ni kalsiamu kabonati. Huoshwa, hukaushwa na kusagwa. Maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa kama unga hufanya kazi hiyohiyo. Maduka ya vyakula vya mifugo huuza chokaa ya kuku wa mayai, ambayo inafaa, pamoja na unga wa mifupa, ambao haufai sana kwa kuwa una fosforasi nyingi. Chokaa ya kupaka ukutani ni kitu kingine kabisa, nayo huunguza kinywa na utumbo.

Majani hukatwa vipande vidogo kuliko kichwa cha mnyama na kutolewa asubuhi, ili abaki na saa nyingi za joto za kuyayeyusha. Yanayobaki jioni huondolewa.

Banda

Iguana ni mnyama wa mitini, hivyo kimo cha banda ni muhimu kuliko upana. Kwa mwaka wa kwanza banda la upana wa sentimita 90, kina cha 50 na kimo cha 120 linatosha. Fundi seremala wa Keko au mchomeleaji wa Gerezani anaweza kulitengeneza kwa fremu na wavu wa chuma wenye matundu madogo. Wavu wa mbu wa plastiki huchanwa na kucha, na wavu wa kuku una matundu ambayo mtoto wa iguana hupenya bila shida. Matawi ya mwembe au mpera, mazito kidogo kuliko mwili wake, huwekwa kwa mshazari. Majani yenye kivuli yawepo, kwa sababu mtoto asiye na pa kujificha huishi kwa hofu na huacha kula. Sakafuni hutandikwa magazeti. Mchanga na maranda humezwa pamoja na chakula na kuziba utumbo.

Maadui wa mtoto wa iguana mjini ni wengi. Wa kwanza ni kunguru wa nyumbani (Corvus splendens), wanaojaa katika paa na mitaa ya Dar es Salaam na wenye uwezo wa kumvuta mnyama mdogo kupitia wavu. Wengine ni paka, panya na sisimizi. Dawa ya mbu ya kupulizia isitumike katika chumba alimo. Katika nyumba za mabondeni Jangwani banda liwe juu ya meza au lifungwe ukutani: mafuriko ya Msimbazi huja usiku kama mchana, na yale ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini na kuwafanya wengi wa bondeni wahamishiwe Mabwepande.

Watoto wawili katika banda moja huonekana kama wanapendana wanapolaliana. Mara nyingi mmoja anamkalia mwenzake ili kupata joto na mwanga peke yake. Anayekaliwa hudumaa.

Kumshika

Juu ya kichwa cha iguana kuna jicho la tatu dogo, lisiloona picha bali linalotambua mwanga na kivuli. Mkono unaomjia kutoka juu kwake ni ndege mwindaji. Humkaribiwa kwa ubavuni, polepole, na kuinuliwa kwa kiganja chini ya kifua na miguu yote. Mkia haushikwi kamwe, kwa sababu hukatika. Huota tena, lakini mfupi na wenye rangi ya kahawia. Wiki mbili za mwanzo aachwe azoee banda, mfugaji akikaa karibu bila kumgusa. Maji ya vuguvugu yasiyopita mabega yake, kwa dakika 10 au 15 mara chache kwa wiki, humsaidia kunywa, kupata choo na kuvua ngozi.

Magonjwa

Ugonjwa unaoua zaidi ni ulaini wa mifupa utokanao na upungufu wa kalsiamu au D3, ambao kwa asili yake ni sawa na matege ya watoto. Dalili za mwanzo ni ndogo: mnyama anaburuta tumbo badala ya kulinyanyua anapotembea, vidole vinatetemeka baada ya kupanda, taya la chini linabonyea kama mpira. Mapaja yanaweza kunenepa, na hili huwapotosha wengi wakidhani ananawiri; kinachoonekana ni uvimbe unaozunguka mifupa dhaifu. Baadaye uti wa mgongo hupinda, miguu ya nyuma hupooza na degedege huanza. Ukitambuliwa mapema hutibika kwa kalsiamu chini ya uangalizi wa daktari, jua na lishe sahihi, ingawa ulemavu uliokwisha kutokea haurudi.

Mizani ndogo ya kidijiti inayopima gramu humwonya mfugaji kabla ya macho yake. Mtoto mwenye afya huongezeka uzito kila wiki, na mwishoni mwa mwaka wa kwanza huweza kupita sentimita 60 kwa urefu. Wiki mbili bila kuongezeka ni sababu ya kumwona mganga wa mifugo. Waganga wengi wa Dar es Salaam wamezoea ng'ombe, kuku na mbwa, hivyo ni vizuri kumtafuta anayejua wanyama watambaao kabla ya haja kutokea. Ndaki ya tiba ya mifugo ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo iko Morogoro, na makao ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania yako Temeke, ambako vipimo vya maabara hufanyika.

Iguana mwenye afya kamili anaweza kubeba bakteria wa salmonela utumboni. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kumgusa, vyombo vyake visioshewe jikoni, na watoto wa chini ya miaka mitano wasimchezee.

Sheria na kumwachia huru

Iguana-kijani yumo katika Kiambatisho II cha mkataba wa CITES kuhusu biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, na Tanzania ni mwanachama wa mkataba huo. Kumvusha mpaka bila vibali ni kosa, hata kama alizaliwa shambani. Nchini Tanzania wanyamapori wanasimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori namba 5 ya mwaka 2009, na wa kuulizwa kuhusu vibali ni Idara ya Wanyamapori katika Wizara ya Maliasili na Utalii. Kwa miaka mingi biashara ya mijusi hai ilielekea nje: vinyonga na wengineo wa Tanzania waliuzwa kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani, hadi serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Mjusi mdogo wa buluu wa msitu wa Kimboza mkoani Morogoro (Lygodactylus williamsi) alitishiwa vikali na biashara hiyo.

Wafugaji wanaochoka na iguana aliyekua mara nyingi hufikiria kumwachia kwenye miti. Katika miaka ya 1990 Marekani iliingiza mamia ya maelfu ya iguana wachanga kila mwaka kutoka mashamba ya El Salvador na Kolombia. Wengi hawakufika utu uzima, na baadhi ya waliofika waliachwa huru. Leo Florida na Puerto Rico zina makundi makubwa yanayokula mazao na bustani na kubomoa kingo za mifereji kwa mashimo yao ya kutagia; Fiji na kisiwa cha Grand Cayman zimetumia fedha nyingi kupambana nao. Joto, unyevu na miembe ya pwani ya Tanzania vingewafaa vilevile. Kunguru wa nyumbani naye aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili asaidie kula takataka za mji, akavuka bahari mpaka bara, na kampeni za kumpunguza kwa mitego na sumu hazijammaliza hadi leo.